Waliokuja na Unga

Mwaka ule chuo kikuu kilipofungwa ghafla na sisi wanafunzi tukaambiwa turudi makwetu mpaka tuitwe, nilikwenda Kilungu kwa susu, nyanya yangu mzaa baba, nikiwa na sanduku la vitabu na bunda la kadi za salamu ambazo sikuwa nimezijaza. Vitabu nilivibeba ili watu wasidhani nimefukuzwa. Kadi nilizibeba kwa sababu sikujua mtu huishije bila hizo.

Asiyezijua kadi hizo huenda akaona ninazungumzia jambo dogo. Zilikuwa za karatasi ngumu, zimechapishwa tayari, zikiuzwa madukani pamoja na stempu. Juu uliandika jina lako na mahali unakotoka; mimi niliandika boma la susu, Kilungu, hata nikiwa chuoni. Katikati palikuwa na nafasi za majina ya watu unaowasalimu. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja wa ujumbe. Uliitia posta ukangoja, na alasiri moja mtangazaji akaisoma redioni kwa kasi ya mnadishaji wa mbuzi, nchi nzima ikisikia. Uliyemsalimu alitarajiwa naye akusalimu. Uliyemruka alinuna, na mara nyingine alinuna hewani, kwa ujumbe wake mwenyewe.

Hakuna aliyetumia jina la kuzaliwa. Langu lilikuwa la ndege mmoja wa milimani, ndege mkali, na nililichagua nikiwa kidato cha pili, umri ambao kila kijana hujiona mkali. Kufikia mwaka wangu wa pili chuoni nilikuwa mashuhuri kwa namna ya ajabu, kwa kuwa jina langu lilijulikana kutoka pwani hadi ziwani na hata mwenye hoteli ambaye nilikunywa chai kwake kila siku hakujua kuwa ni langu. Wasalimiaji walikuwa na chama chao. Walikuwa na harusi, harambee, safari za kwenda kumwona mwenzao mgonjwa. Jumamosi zangu niliziishi kwenye harusi za watu niliowajua kwa majina ya maua na magari moshi. Nilikula pilau yao, nikacheza, nikarudi chuoni nimechoka, kisha nikakaa kujaza kadi za kuwashukuru.

Darasani nilikuwa yule mwanafunzi anayenyoosha mkono wakati wengine wameshafunga madaftari. Nilimuuliza mhubiri wa chuo ni nani aliyepalilia mashamba ya dunia wakati Nuhu anajenga safina. Nilimuuliza mhadhiri wa uchumi kama amewahi kununua sukuma wiki mwenyewe. Nilitilia shaka serikali, dini, ndoa na dawa ya meno. Kadi sikuwahi kuiuliza swali hata moja.

Kisha kulikuwa na yeye, wa Kanyangi.

Alikuwa fundi cherehani. Hilo nililijua kwa sababu kadi zake zilisema zimetumwa kutoka kwenye baraza lake la ushonaji, Kanyangi, Kitui. Jina lake la redioni lilikuwa la ua. Mwanzoni alinisalimu katikati ya wengine, kama desturi. Kisha siku moja ujumbe wake ulisema: "Kwetu tumepanda bila mvua. Kwenu Kilungu je?" Nilituma jibu: "Kwetu kuna ukungu tu, wa kudanganya wakulima." Ilichukua muda mrefu kadi kufika na kusomwa. Jibu lake lilipokuja mbaazi zilikuwa zimeshatoa maua. "Tutumieni huo ukungu," alisema.

Tulizungumza hivyo kwa karibu miaka miwili. Tulizungumza kuhusu mvua, wadudu wa mbaazi, na ng'ombe wa mjomba wake aliyekataa kunywa maji ya bwawa. Hapakuwa na neno la mapenzi hata moja. Nchi nzima ilisikiliza, na hakuna aliyesikia kitu.

Kwa hiyo nilipofika kwa susu jambo la kwanza nililoangalia ni redio. Ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Betri zake zilikuwa nje, zimeanikwa juu ya mwamba kama mahindi, kwa sababu betri zilizochoka huamka kidogo zikipigwa na jua.

"Mume wangu," susu aliniambia. Aliniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la babu. "Betri hizi ni za habari na za matangazo ya vifo. Salamu unaweza kunipa mimi. Niko hapa."

Baada ya siku chache hata jua halikuziamsha tena, na madukani njiapanda betri zilikuwa zimekwisha.

Wiki ya kwanza nilikuwa kama mtu mwenye jino linalouma. Saa ya salamu ilipokaribia niliacha chochote nilichokuwa nikifanya, nikazunguka boma. Niliwaza, sasa hivi wananisoma. Ama hawanisomi. Lipi baya zaidi? Nilijaza kadi moja, nikaiweka mfukoni niipeleke posta siku nikishuka njiapanda. Sikushuka. Palikuwa na matuta ya kukarabati. Mvua za mwaka uliotangulia zilikuwa zimebomoa ngazi za shamba, na susu alikuwa na haraka nazo.

Alasiri moja nilikuwa nikipanga mawe kwenye tuta la juu. Nilikuwa nimelipata jiwe lililoingia mahali pake vizuri kabisa, bila kuligonga, na nikakaa juu yake kupumzika. Bonde lote lilikuwa chini yangu, moshi ukitoka jikoni mwa watu, mwanamke fulani upande wa pili akimwita mbuzi wake kwa matusi. Nilikaa. Kisha nikaona kivuli cha mwamba kimefika kwenye migomba, nikatambua kuwa saa ya salamu ilikuwa imepita zamani na sikuikumbuka. Hakuna mahali mwilini mwangu palipokuwa pakiuma.

Hapo ndipo nilipoanza kuiuliza kadi maswali. Jina lile likisomwa, ni nani anayesalimiwa? Mimi niliyekaa juu ya jiwe? Siku nyingine lilikuwa limesomwa nikiwa chumbani chuoni nina homa, hakuna wa kuniletea maji, na mtangazaji akasema ninasalimiwa na watu wa Voi, Machakos na Kisii. Nilifurahi siku ile. Nilifurahi na kiu yangu.

Kadi ile ilikaa mfukoni mpaka ikaoza kwa jasho. Sikuijaza nyingine. Harusi ziliponifikia, kwa mialiko iliyopitia kwa watu, sikwenda. Niliamka, nikapanga mawe, nikasoma jioni mpaka jua linakwisha, nikala isyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, pamoja na susu, nikalala. Sijui niiite furaha. Ilikuwa zaidi kama kuvua kiatu ambacho hukujua kinabana.

Wengine hawakuipenda. Wanawake wa mwethya, kikundi cha kulimiana mashamba kwa zamu, walikuja kutusaidia na matuta, na walifanya kazi wakiimba na kutaniana toka asubuhi.

"Kijana wa chuo," mmoja aliniita kutoka tuta la chini, "wewe ni mtawa ama umeiba mahali ukaja kujificha?"

"Ameiba vitabu," susu akajibu. "Anavisoma haraka kabla mwenyewe hajaja."

Walicheka mpaka wakaweka majembe chini. Walipoondoka, susu hakuwa akicheka. "Mtu akikaa peke yake hivi, kwetu tunasema ni mgonjwa. Una nini?"

"Sina kitu, susu. Niko sawa."

"Ndiyo ninauliza. Kwa nini uko sawa?"

Kwa kweli sikuwa sawa kabisa. Palibaki mahali pamoja palipouma. Jirani wa chini alikuwa na redio yenye betri, na siku upepo ulipopanda mlima maneno yalipanda nao. Nilikuwa nikifunga ua wakati niliposikia Kanyangi ikitajwa. Nilisimama. Majina yalisomwa, langu likiwa la kwanza, kisha ujumbe: "Kwetu mvua imekatika. Na wewe umekatika?"

Nilishikilia mti wa ua mpaka utomvu ukaingia mkononi. Kumjibu ingekuwa rahisi sana. Kadi nilikuwa nazo na posta haikuwa mbali. Lakini nilikuwa kijana wa kupima mambo, na nilitaka kulipima hili: kama kuna kitu kati yetu ambacho mtangazaji hakukisoma. Nikinyamaza, kitabaki? Hilo ndilo nililotaka kulijua kuliko jambo lolote duniani, na nililitafuta kwa kukaa kimya, kama mtu anayetaka kujua kama mgeni yupo mlangoni kwa kutofungua mlango.

Miezi ikapita. Nilichokuwa sikijui ni kwamba, kwa wasalimiaji, mtu haachi. Mtu huoa, huhama, hufungwa, huugua, na yote hayo husemwa kwa kadi. Akikaa muda mrefu mno bila kusomwa, basi amekufa. Na barabara kuu ya Mombasa, inayopita chini ya milima yetu, ilikuwa na ajali nyingi mno kwa watu kufikiria vingine.

Nilikuwa juu shambani, nikipalilia mbaazi, niliposikia wimbo wa maombolezo ukipanda kutoka barabarani. Kwetu wanaokwenda kwenye matanga huanza kuimba kabla hawajafika bomani, ili wenye msiba wasishtuke. Nilifikiri wanaelekea kwa jirani. Wimbo ukaingia kwetu. Nikasikia sauti ya susu imejiunga nao, kisha nikasikia analia.

Niliteremka na jembe begani, nikiwaza ni nani: baba, ama shangazi.

Bomani palikuwa na watu watatu, ambao sikuwahi kukutana nao hata kwenye harusi. Mmoja alikuwa mwenye duka kutoka Kambu, Mwislamu mrefu ambaye wazazi wake walitoka upande wa kaskazini-mashariki. Kofia yake alikuwa ameishika mkononi. Gari lake dogo la mizigo lilikuwa limeachwa chini njiani. Wa pili alikuwa mwalimu wa kwaya, mtu mfupi mwenye tai. Wa tatu alikuwa mwanamke kijana aliyejifunga leso kiunoni. Miguuni pao palikuwa na gunia la unga, sukari na majani ya chai. Susu alikuwa amekaa kwenye kigoda, anapangusa macho kwa ncha ya kanga.

Mwanamke yule alinijia, akanipa mkono. "Pole, ndugu. Wewe ni wa nyumba hii?"

"Ndiyo. Mimi ni mjukuu."

"Basi pole sana. Alikuwa kaka yako?"

"Nani?"

Akalitaja jina langu la redioni. Alilitaja taratibu, kwa heshima, kama jina la mtu mzee. Kisha akasema yeye ametoka Kanyangi.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilifikiri nini. Nafikiri nilitaka kusema ndiyo, alikuwa kaka yangu. Ningepata kumsikia akinieleza habari za huyo ndugu. Lakini uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia.

"Ni mimi," nilisema.

Mwenye duka aliniangalia miguu, kama anayetaka kuhakikisha inagusa ardhi.

"Wewe ndiye yeye?"

"Ndimi."

"Nimefunga duka," akasema polepole. Kisha sauti ikapanda. "Siku ya soko! Nimefunga duka siku ya soko, nimepanda mlima wote huu, kwa maiti anayelima!"

"Ngojeni," susu alisema. "Kwani tumemlilia nani?"

"Huyu, mwaitu," mwalimu wa kwaya akamjibu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Huyu? Huyu nimempikia uji asubuhi, akamaliza sufuria." Aligeuka kwangu. "Mimi nimelia machozi ya kweli! Niliona watu wanalia kwangu, nikasema adabu ni kulia nao, nitauliza jina baadaye. Nani atanirudishia?"

Mwalimu wa kwaya alianza kucheka, akashindwa kuacha, akalazimika kukaa juu ya gunia la unga. Mwenye duka naye akacheka, huku bado amekasirika. Susu alikwenda kuweka chai. Mwanamke wa Kanyangi hakucheka.

Nilimwambia nakwenda kuwachumia maparachichi ya kubeba, na akanifuata, sijui kwa kunisaidia ama kwa kunishtaki. Tulisimama chini ya mti. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomdhani, na vidole vyake vilikuwa na alama za sindano.

"Kwa hiyo hukufa."

"Hapana."

"Ulituchoka tu."

"Si nyinyi."

"Ni nani basi? Betri?"

"Nilitaka kujua," nilianza, na sentensi niliyokuwa nimeitengeneza kwa miezi ikakataa kutoka vizuri. "Nilitaka kujua kama bado tungekuwa na la kusema bila yule mtu kusoma."

"Na mimi ulitaka nilijueje hilo? Niote?"

Parachichi moja lilianguka lenyewe, likabingirika mpaka kwenye mfereji. Wote wawili tuliliangalia.

"Tuma kadi moja," alisema. "Moja tu. Waambie uko hai. Watu wamekulilia mpaka Mutomo."

"Nikituma moja nitatuma nyingine. Najijua."

"Basi wabaki wakijua umekufa?"

"Wewe unajua sijafa. Hiyo inanitosha."

"Mimi nilimjua wa redioni. Huyu mwenye jembe nimekutana naye leo."

"Karibu tena basi, umjue."

Aliangalia matuta niliyoyapanga, moja juu ya jingine mpaka kwenye mwamba. Aliyaangalia kwa makini, kama fundi anavyoangalia mshono wa mwingine. Nilidhani atasema kitu kizuri.

"Kanyangi ni mbali," alisema.

Waliondoka kabla ya giza. Unga walikataa kuubeba. Mwenye duka alisema kilicholetwa kwa msiba hakirudi, na kama msiba haukuwepo hilo ni shauri langu. Susu aliupika. Tulikula ugali wa matanga yangu kwa muda mrefu, na kila alipouweka mezani alinikaribisha kwa sauti ya mjane.

Sikutuma kadi. Lakini niseme kweli, ukimya haukuwa tena ule wa kukaa juu ya jiwe. Betri zilipofika madukani nilimnunulia susu, na ni mimi niliyeketi karibu na redio saa ya salamu, nikidai ninamfanyia kazi. Majina yote yalinipita isipokuwa moja. Kadi za Kanyangi ziliendelea. Aliwasalimu wote, wa Kambu, wa kwaya, wa Voi. Mimi hakunitaja, na sikuwa na haki ya kulalamika. Ujumbe wake haukuwa tena wa mvua. Ulisema Mungu awabariki wasikilizaji, kama wa watu wengine.

Kisha zikakoma.

Mwanzoni nilifurahi. Nilikuwa na maelezo tayari, kama kawaida yangu: ameyaona matuta, ameelewa, sasa naye amekaa mahali fulani na cherehani yake, kimya, ametosheka. Tulikuwa pamoja katika ukimya mmoja, mto Athi katikati yetu. Nilikaa na wazo hilo shambani, nikalipanga vizuri kama jiwe. Lakini halikukaa. Kila siku lilitikisika. Nikaanza kusikiliza hata matangazo ya vifo.

"Yule wa leso hasomwi siku hizi," susu alisema, akisuka kiondo chake bila kuniangalia.

"Ameamua kupumzika."

"Amekwambia?"

"Hapana."

"Wao hawakujua pia. Wakaja na unga." Alivuta uzi kwa meno. "Wewe utakwenda lini?"

Nilikwenda wiki hiyo hiyo, na mfuko wa maparachichi.

Kanyangi ilikuwa na joto ambalo mtu wa Kilungu hulipokea kama kofi. Baraza la ushonaji sikuhitaji kuliulizia. Nilikuwa nimelisikia likitajwa mara nyingi kiasi kwamba nililijua. Alikuwa ameinama juu ya cherehani, miguu ikikanyaga, kitambaa cha sare ya shule kikipita chini ya mkono wake. Kwenye rafu nyuma yake palikuwa na alama ya mraba isiyo na vumbi, pale redio ilipokuwa ikikaa. Aliniona kabla sijavuka barabara.

"Umekuja kunizika?"

"Sina unga. Nina maparachichi."

Hapo alicheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Mtangazaji hakuwahi kutusomea hilo.

Alinipa kigoda, akaendelea kushona, na kwa muda hatukusema chochote. Ilikuwa nzuri. Nilifikiri, ndiyo hii. Ndiyo niliyokuwa nikiitafuta. Kisha nikaiharibu kwa kusema hivyo kwa sauti: kwamba nimefurahi naye ameacha, kwamba nilijua siku moja ataonja utulivu huu.

Aliinua mguu kutoka kwenye kikanyagio.

"Wewe ulinyamaza kwa kupenda. Mimi nimeombwa ninyamaze. Usidhani ni kitu kimoja."

Aliniambia anaolewa. Mwanamume alikuwa wa kanisani kwao, mkulima, mtu wa kazi, na hakupenda jina la mke wake lisomwe kati ya majina ya wanaume asiowajua. "Si mtu mbaya," alisema. "Alipokuja nyumbani kwetu alisimama mvuani akingoja baba amalize kula. Hakugonga mlango."

"Na umekubali?"

"Nimemkubali yeye. Hili la kadi limekuja naye."

Nilikuwa na maswali. Mimi, mtu wa maswali, nilikuwa nayo mengi mpaka yakasongana mlangoni. Je, kama ningetuma kadi moja siku ile chini ya mti? Je, kama ningepanda basi mwezi uliofuata na si leo? Niliyaangalia yote na kuona kila moja linaniuliza mimi, si yeye. Nikanyamaza, na huo ulikuwa ukimya mgumu kuliko wote niliowahi kuufanya.

"Kuna jambo moja," alisema. "Sikuaga. Nao watafikiri nimekufa, unawajua. Yule wa Kambu atafunga duka tena." Alikata uzi. "Niandikie kadi."

"Mimi?"

"Nimeahidi sitaandika tena, na siandiki. Ahadi hiyo ni ya mkono wangu. Wako sikuuahidi mtu."

"Akisikia?"

"Nitamwambia ilikuwa ya kuaga. Na ni kweli."

Nilivuka barabara nikanunua kadi dukani. Nilikuwa sijaishika moja tangu ile iliyooza mfukoni. Niliiweka juu ya meza ya cherehani, kati ya vipande vya sare, nikaandika juu jina lake la ua, na Kanyangi. Akanitajia majina. Mwenye duka wa Kambu. Mwalimu wa kwaya. Watu wa Voi, wa Mutomo, wa Machakos.

"Na susu wa Kilungu," alisema, "aliyelia machozi ya kweli."

Niliandika. Ilibaki nafasi moja. Nilishikilia kalamu juu yake.

"Hiyo iache wazi."

"Ni ya nani?"

"Ya mtu asiyetaka kusomwa."

Sikuinua macho. Nilisogeza kalamu mpaka kwenye mstari wa chini. "Ujumbe?"

Alifikiri, akaangalia nje, kwenye barabara nyeupe kwa vumbi na mbuzi waliolala katika kivuli cha ukuta.

"Andika, kwetu imenyesha."

"Lakini haijanyesha," nilisema. Sijui kwa nini. Ni tabia.

"Mpaka waisome," alisema, "itakuwa imenyesha."

Nilikaa mpaka basi la mwisho. Alinionyesha jinsi ya kutia uzi kwenye sindano ya cherehani na nilishindwa. Alikula parachichi moja kwa chumvi. Hatukuzungumza tena habari za redio wala za harusi, na nilipoondoka alinipa mkono kama siku ile alipodhani mimi ni ndugu wa marehemu, ila safari hii hakusema pole.

Chuo kilikuwa kimetangaza kufunguliwa. Nilifunga vitabu kwenye sanduku, na nikakaa nikingoja siku, na alasiri nilipanga mawe. Susu, bila kuombwa, aliruhusu betri zitumike kwa salamu.

Ilisomwa mvua ikiwa imeanza Kilungu, ile nyembamba inayoshuka na ukungu. Mtangazaji aliisoma kwa kasi kama nyingine yoyote. Kambu, kwaya, Voi, Mutomo, Machakos. Alipofika kwa susu wa Kilungu, susu aliacha kiondo, akasimama wima katikati ya chumba, mkono kifuani, kama aliyeitwa na chifu. Ujumbe ukafuata, kwetu imenyesha. Kati ya jina la mwisho na ujumbe mtangazaji alivuta pumzi, kidogo tu, pale nafasi ilipokuwa wazi.

Susu alisimama vile mpaka kadi nyingine ilipoanza. Kisha akanigeukia, amekasirika kwa niaba yangu.

"Mimi nimesalimiwa. Mbona wewe hajakusalimu? Si wewe uliyempelekea maparachichi?"

"Amenisalimu," nilisema.

Aliniangalia, akaiangalia redio, akaizima ili kuokoa betri.